Kwa Nini Kaunti Ile Inaitwa Sambiro-Kolei na Wengineo

Kabla nchi haijakatwa kaunti, watu walijulikana kwa majirani zao. Wasambiro walikaa mlimani wakilima viazi, Wakolei walikaa bondeni na ng'ombe wao, na katikati, kwenye msitu wa miiba, walikaa warina asali ambao hawakulitamka jina lao wenyewe hata siku moja. Kwao, kujitaja kulikuwa aibu, sawa na kujipakulia chakula ugenini. Walipofika sokoni walisimama kando hadi Msambiro au Mkolei awaite kwa jina la kabila lao, ndipo waitike na kutua vibuyu vyao. Na majirani waliwaita, kizazi baada ya kizazi, maana asali ilikuwa tamu na kuita hakukuwagharimu chochote.

Kisha ikaja tume kutoka mjini, watu watatu na karani wao. Wakawakusanya watu kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, wakatangaza kwamba kaunti mpya itachukua majina ya makabila yake, na kila kabila litakaloandikwa litapewa hati ya ardhi linayoikalia.

Warina asali walimtuma Tirobei awasemee. Alikuwa mtu mzima, mpole kupita kiasi, na dada yake alikuwa ameolewa na Sarota, msemaji wa Wasambiro. Kwa hiyo hakuwa na wasiwasi.

"Shemeji yupo," aliwaambia wenzake. "Atatutaja."

Sarota akasimama, akawataja Wasambiro. Mzee wa Wakolei akawataja Wakolei. Karani akainua kichwa, akauliza kama kuna wengine. Tirobei alimtazama shemeji yake, na shemeji yake alikuwa anatafuta mfukoni kitu ambacho hakikuwamo. Msitu usio na mwenyewe hugawanywa kwa walio jirani nao, na hesabu hiyo Sarota alikuwa ameshaipiga.

"Nyinyi pale, ni akina nani?" karani akauliza.

"Shemeji, tafadhali," Tirobei akasema. "Tutaje."

"Mimi nimeshasema ya kwetu, shemeji."

Jina lilikuwa pale kwenye ulimi wa Tirobei. Neno moja tu, fupi. Alifungua mdomo. Lakini nyuma yake walisimama wazee waliomlea, wameinamisha macho kwa haya, na Tirobei akalimeza jina pamoja na msitu na wajukuu ambao hawajazaliwa. Karani hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Hakutaka kumwacha mtu nje, na saa ya chakula ilikuwa imepita. Akaandika "na Wengineo," akapiga muhuri.

Warina asali waliomba marekebisho mara nne. Kila mara waliambiwa walete jina, na kila mara walikwenda kwa majirani kuwaomba walitaje, nao majirani wakadai wamesahau. Msitu ukafyekwa. Mizinga ikachomwa kuni.

"Baba, ungesema tu," binti yake Nasimei alimwambia siku za mwisho, Tirobei akiwa amelala kitandani hawezi kuinuka. "Niambie mimi basi, lisipotee."



"Hata ukilijua, nani atakuita kwalo?" Tirobei akasema, akageukia ukutani. Alizikwa baada ya siku mbili. Sarota alikuwa ametangulia, na wale wote waliowahi kuliita jina hilo sokoni walikuwa wamekwisha.

Na tangu siku ile uwanjani, kaunti inaitwa Sambiro-Kolei na Wengineo. Wageni wakikiona kibao barabarani husimamisha gari, hucheka, hupiga picha. Ulipokuwa msitu, sasa pana viazi upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Watoto wa warina asali wanasoma shule za watu, na mwalimu akiwauliza kabila, hujibu, "Wengineo." Naye huandika.