Gari Lililojua Kushuka Tu

Zama hizo si za mbali sana, kwa kuwa wanyama walikwisha kuujua usukani, ila kumjua muuza magari walikuwa bado. Mwaka ule mvua iligoma. Mto ulikauka mpaka viboko wakahama kwa aibu, na maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi iliyo juu ya Kilima cha Ngarani. Nani apande huko kila siku na mapipa? Wanyama wakatazamana, kisha wote wakamtazama Punda.

Punda alizaliwa hajui kukataa. Alipanda na kushuka, pipa kila ubavu, hadi mgongo ukachubuka. Wenzake walipokuja jioni na vibuyu vyao walimpa pole nyingi, maana pole haigharimu kitu. "Punda afe, mzigo ufike," walisema wakicheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini maji yenyewe hayakutosha. Vifaranga vya Bi Kanga, jirani yake, vilishinda vikilamba umande kwenye majani, na Punda akiviona alihuzunika kana kwamba yeye ndiye aliyeukausha mto.

Ndipo akaamua kununua gari. Alikuwa na ghala la mtama, chakula chake chote hadi mavuno, na kwa gari alikuwa tayari kulitoa. Tena moyoni alikuwa na haja moja ambayo hakumwambia mtu: alitaka, japo mara moja maishani, abebwe yeye.

Yadi ya magari ilikuwa ya Fisi, juu ya mwinuko ng'ambo ya bonde. Magari yote yalipangwa pua zikitazama chini. Mwingine angeuliza kwa nini. Punda aliona ni mpangilio wa kupendeza.

"Karibu, shemeji," alisema Fisi, ingawa koo zao hazijawahi kuoana. Akamwonyesha pikapu ya rangi ya samawati, imepakwa mafuta mpaka kwenye magurudumu. Wakapanda, Fisi akaondoa jiwe lililozuia gurudumu, gari likaanza kuteremka, injini ikakohoa na kuwaka njiani, na wakafika bondeni upepo ukiwapiga masikioni. Masikio ya Punda unayajua. Yalipata upepo wa kutosha. Alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

Aliuliza maswali mawili tu. Kwanza, mbona gari linanukia ndizi mbivu? Fisi akasema hayo ndiyo manukato ya siku hizi. Pili, si vizuri kulijaribu kidogo kwenye mlima? Hapo Fisi akashika kifua kama aliyesikia tusi.

"Gari la mtu halipandishwi kilima siku ya kwanza, shemeji. Ni mwiko. Utalitia nuksi."

Punda alilelewa kuheshimu miko, basi hakuuliza huu ni mwiko wa nani. Akatoa mtama wote.

Kesho yake majirani walilisukuma gari likawaka, nalo likaenda vizuri kwenye tambarare, kundi la tumbili likilifuata kwa nyuma likinusanusa. Lilipofika chini ya Ngarani lilinguruma, likatetemeka, likazima. Wakalibembeleza, wakalipiga mateke, lisitikisike. Kando ya njia vifaranga vya Bi Kanga vilikuwa vimesimama na vibuyu vyao vidogo, vinangoja. Punda akashuka, akajifunga kamba kifuani, akavuta. Alivuta gari, akavuta mapipa, akavuta na tumbili waliokwisha kujipakia. Wanyama walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Alikwenda kwa Fisi, akiwa na adabu zake zote, kuomba arudishiwe mtama. Fisi akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Lilitoka hapa zima. Kwato zako ndizo zilizoliua. Tena mali ikishauzwa hairudi, hiyo ndiyo sheria ya yadi."

Akaenda kwa Simba. Mfalme alikuwa akichanwa manyoya ya shingo, akamjibu bila kufumbua macho kwamba kiti cha enzi hakishughuliki na mambo ya magurudumu. Punda akarudi nyumbani amekasirika. Hakuzoea hasira, hakujua hata aiweke wapi, basi akalia.

Sungura alimkuta hapo. Alisikiliza kisa chote huku akitafuna jani kavu, kisha akataka kujua jambo moja tu: je, mgongo wake bado una nguvu za kulivuta gari hilo mara moja tena?

"Zipo," alisema Punda. "Ila mimi kusema uongo siwezi, ndugu yangu."

"Wewe usiseme neno. Wewe vuta."

Sungura alianzia kwa mfalme. Siku ya kuombea mvua ilikaribia, na kwa desturi mfalme alikuwa apande Ngarani mwenyewe. Sungura akasikitika kwa sauti kwamba mtukufu atapanda kwa miguu, vumbi limjae, wakati raia wake siku hizi wanatembelea magari. Simba akafumbua macho. Jioni hiyo ikatangazwa kwamba mwenye gari litakalompandisha mfalme atapewa mifupa yote ya karamu.

Fisi aliposikia neno mifupa, mate yalimtoka hadi kifuani. Lakini aliyajua magari yake. Halikuwemo hata moja lililowahi kuona kilele. Akabaki juu ya mwinuko wake, anautazama mlima wa ng'ambo na kumeza mate.

Asubuhi akaona ajabu. Pikapu ya samawati ilikuwa inapanda Ngarani, taratibu, bila kusita, Sungura ameshika usukani. Kamba ndefu iliyolazwa ndani ya nyasi kavu hakuiona, wala hakumwona Punda aliyekuwa upande wa pili wa kilele, akivuta kwa nguvu zote huku ameuma meno. Sungura alikuwa akinguruma kwa mdomo, ingawa hapakuwa na mtu karibu wa kumsikia.

Kabla ya adhuhuri Fisi alikwishafika kijijini, mtama wote wa Punda umepakiwa kwenye mkokoteni.

"Shemeji, sijapata usingizi kwa ajili yako," alisema. "Chukua chakula chako, nirudishie gari langu."

"Lakini mali ikishauzwa hairudi," Sungura akamkumbusha.

"Basi nalinunua upya."

"Na wewe ukishalinunua?"

"Halirudi," alisema Fisi kwa haraka, mbele ya kijiji kizima.

Punda roho ilimsuta. Akasogea akasema, "Bwana Fisi, ningekushauri ulijaribu kwanza mlimani." Fisi akacheka kicheko chake. Alidhani Punda anajuta kuuza.

Siku ya maombi Simba alikaa nyuma ya pikapu juu ya mkeka mpya, manyoya yamechanwa, kidevu juu. Ngoma zilitangulia. Fisi akawasha gari kwa mteremko wake, akavuka bonde kwa mbwembwe, akaufikia Ngarani. Gari likapanda kidogo, likanguruma, likazima. Kisha likaanza kurudi kinyumenyume. Wapiga ngoma hawakujua waendelee au warudi, wakaamua kumfuata mfalme, naye mfalme alikuwa anashuka kwa kasi, mpaka gari likaingia kwenye jalala la majivu na kutulia.

Simba alisimama akiwa wa kijivu. Kifuniko cha giaboksi kilikuwa kimepasuka, na tumbili walikwishakirukia, wakaanza kuchomoa ndizi zilizopondeka, nyeusi kwa grisi.

"Hizi ni nini?" aliuliza Simba.

"Manukato, mtukufu," alisema Fisi.

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka kifaranga kimoja cha Bi Kanga kilipoanza, na hapo kijiji kizima kikafuata. Giaboksi hiyo ilikuwa imeshindiliwa ndizi ili gia zake zilizolika zisipige kelele, na sasa hata mtoto aliliona hilo. Fisi akamgeukia Punda, akamsihi alichukue gari. Walijibu wanakijiji kwa pamoja, kwamba mali ikishauzwa hairudi.

Simba akajikung'uta, akatoa hukumu. Gari litabaki la Fisi, na kwa kuwa halijui kupanda, Fisi atalipandisha mwenyewe, na mapipa juu yake, hadi siku mvua itakaponyesha. Kisha mfalme akapanda mlima kwa miguu, wala hakuna aliyemtazama usoni.

Kesho yake Fisi alivaa kamba. Vifaranga vya Bi Kanga vilipanga vibuyu vyao mapema, maana siku hiyo maji yangetosha. Ilibaki kumpata wa kushika usukani, na safari hii wanyama walipotazamana, wakamtazama Punda, walimfungulia mlango.

Akakaa. Kiti kilikuwa laini. Upepo ulikuwa mdogo, kwa kuwa Fisi alikwenda polepole, lakini masikio yake aliyasimamisha yaupate wote. Katikati ya mlima Fisi akasimama, anatweta, ulimi nje.

"Shemeji," aliuliza, "njia bado ni ndefu?"

Punda akatazama kilele, akamtazama Fisi, na kwa mara ya kwanza maishani akamtania mtu.

"Kwangu mimi bado ni ndefu, shemeji. Njia ya mwongo ndiyo fupi."