Jokofu Lililozibwa Mgongo

Asiyeachia joto njia, asidai baridi.

Vijana waliisikia methali hiyo kikaoni, mama mmoja alipowaambia ndugu wawili waliokuwa hawasemezani mwaka wa tatu. Kikao kilipovunjika wakamfuata Mzee Ndahani, yule aliyeogesha ng'ombe kwenye josho la Chinyelele mpaka nguvu zikamwishia. Wakamwuliza methali ile imetoka wapi, maana wazee wa zamani hawakuwa na majokofu.

Mzee akacheka, kisha cheko likamkatika. "Si ya zamani hiyo. Mimi nilikuwapo ikizaliwa," alisema. "Kaeni basi. Ilianza namna hii."

Palikuwa na bwana mifugo aitwaye Chiwanga, na mkewe Mwaja. Kiangazi kizima walizunguka vijijini kuchanja mbuzi, na nyumba yao ilikuwa gari. Chama cha wafugaji kilikuwa kimenunua lori dogo lililojengewa chumba mgongoni. Mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja, na jokofu lililochongewa mahali pake ukutani. Chakula chao wenyewe kilikaa kapuni. Jokofu lilikuwa la chanjo.

Jokofu lile la kwanza lilitumia gesi, na lilikuwa na deko. Gari likisimama upande, halipozi. Kwa hiyo kila walipotua, kabla hata ya kuwasha moto wa chai, Mwaja aliweka bakuli la maji mezani akalitazama. Maji yakiegemea, Chiwanga huchimba mchanga chini ya tairi, au hutafuta jiwe. Mwaja husema, "Bado kidogo, Baba Nyendo," naye huchimba tena, hadi maji yatulie. Nyendo ni binti yao, waliyemwacha kwa nyanya yake ili asome.

Jokofu likazeeka. Moto wake ukawa unazimika kila upepo ukivuma, na gesi haikufika mwisho wa mwezi. Chama kikatoa jipya, la umeme wa betri na sola. Likapelekwa kwa Fundi Zuberi, mjini, alitie pale pale ukutani palipokuwa la zamani.

Fundi alipomaliza alimwita Chiwanga nyuma ya gari, akamwonyesha matundu mawili yenye wavu, moja chini, moja juu. "Haya yaache wazi."

"Hayo yalikuwa ya moshi wa gesi, fundi. Hili halina moshi. Hili ni la kisasa."

"La kisasa nalo lina mgongo," fundi alisema. "Bwana Chiwanga, jokofu halitengenezi baridi. Linachota joto lililomo ndani, linalimwaga huku nyuma. Likikosa pa kulimwaga, litalirudisha kulikotoka."

Chiwanga akamgonga begani. "Wewe umezoea makopo ya zamani." Akamgeukia mkewe. "Mama Nyendo, bakuli lako limestaafu leo!"

Wote wakacheka, na Mwaja pia. Lakini yale maneno ya fundi aliyaweka moyoni.

Wakaondoka. Ulikuwa mwezi wa tisa, na nchi yetu mnaijua mwezi wa tisa. Vumbi jekundu liliingia kwa yale matundu mawili, likapita pembeni mwa jokofu, likatua kwenye shuka, kwenye vikombe, juu ya ugali. Chiwanga alikohoa siku nne. Siku ya tano akakata kipande cha godoro, akakisokomeza kwenye tundu la chini, kingine tundu la juu, akavipitishia utepe wa gundi. Jioni ile walikula chakula kisicho na mchanga. "Unaona?" akasema. Mwaja alikiri kwamba ameona.

Kusoma kipimajoto ilikuwa kazi ya Mwaja, asubuhi na jioni. Alifundishwa kwamba chanjo ile inataka baridi ya kati ya nyuzi mbili na nane, zaidi ya hapo inakufa ndani ya chupa na wewe huioni ikifa. Siku mbili baada ya godoro alisoma kumi na moja. Kesho yake, kumi na nne. Na jokofu halikunyamaza tena. Lilinguruma kutwa kucha kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Akaweka kiganja kwenye ubao wa nyuma, akakiondoa haraka.

"Baba Nyendo, kipimo kinasoma kumi na nne."

"Kipimo hicho kilizoea jokofu bovu. Hakijazoea raha."

"Na ubao wa nyuma unachoma. Fundi alisema..."

"Mwaja!" Alikuwa amelala, akaketi. "Nani alisomea mifugo humu ndani? Wewe uliishia la saba. Sindano ni zangu, sufuria ni zako. Au unataka turudi kula mchanga?"

Mwaja alikuwa amekaa na mume huyu miaka minane, akijua hasira zake zinavyokuja na zinavyochukua wiki kuondoka. Na chumba cha gari ni hatua nne; hakuna mahali pa kumkwepa mtu. Akaenda kuosha sufuria.

Wakafika Chinyelele. Watu walileta mbuzi tangu alfajiri. Bi Mbeleje alikuja na tisa, na mgongoni amembeba mjukuu ambaye hajaota hata jino.

"Mbukwenyi," alisalimu.

"Mbukwa, bibi," Mwaja akaitikia. "Huyu mtoto mbona umekuja naye juani? Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake aliondoka siku ile ile aliyomleta duniani. Wanaomnyonyesha ni wale." Akaonyesha mbuzi wawili weusi wenye chuchu nene. "Kinywa chake hakijui maziwa mengine. Kwa hiyo hao wachomwe vizuri, mwanangu."

Mwaja mwenyewe aliwashika pembe. Chiwanga akanyoosha mkono kudai chupa ya chanjo. Mwaja akaitoa, akaisikia kiganjani. Haikuwa na baridi hata ya maji ya mtungi. Akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama, mkono bado umenyooshwa, na watu wamejipanga nyuma.

Mwaja akampa.

Sasa sikilizeni. Watu wa upande huu wana desturi. Ikisikika kwamba sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaomaliza zizi zima, imeingia nchi ya chini, hawangoji. Wanafukuza mifugo milimani, wanakaa huko hata miezi miwili, na njaa yake na chui wake. Sotoka ilisikika mwezi wa kumi. Vijiji ambavyo gari halijavifikia vikapanda mlima. Chinyelele tukabaki. Tulisema, sisi tumechanjwa, tukalale mapangoni kwa nini?

Ikashuka. Kwanza makamasi, kisha vidonda vya midomo, kisha kuhara. Kwa siku kumi na mbili tulichimba mashimo, mimi mmoja wao. Kwa Bi Mbeleje hakubaki hata mmoja. Mtoto alipewa uji, akautapika. Akapewa maziwa ya ng'ombe wa jirani, akaharisha. Alilia, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo watu walipoogopa.

Gari liliitwa, likaja. Baraza likakaa mbele ya zahanati. Chiwanga akasimama, sauti imenyooka.

"Chanjo haina kosa. Huenda mbuzi wenu walikuwa na ugonjwa tayari."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Wasiochanjwa walikimbilia milimani, leo mbuzi wao wanakula majani! Sisi wenye chanjo tunachimba makaburi! Huo ugonjwa unachagua waliochomwa sindano?"

"Mimi nimesomea kazi hii miaka mitatu..."

"Chanjo ilikufa kabla ya mbuzi," Mwaja akasema.

Aliyasema akiwa ameketi. Ikabidi asimame ayarudie, maana wengi hawakuamini masikio yao. Mumewe akamnong'oneza, "Kaa chini." Hakukaa. Alisimulia kipimo, ubao, godoro. Kisha akawapeleka watu nyuma ya gari, akabandua utepe, akavuta kile kipande cha juu. Joto likatoka kama la tanuri la mkate; aliyekuwa karibu akarudi nyuma. Akavuta na cha chini.

Watu hawakuondoka. Walikaa palepale kutwa, kama waliokaa matangani. Jua lilipokaribia kutua, Mwaja akafungua jokofu, akasoma kipimo kwa sauti. Sita.

Hiyo ndiyo iliyouma kuliko yote. Halikuwa bovu. Lilikuwa zima siku zote.

Chiwanga alifunika uso. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Bi Mbeleje akampita kana kwamba hayupo, akasimama mbele ya Mwaja.

"Siku ile uliposhika mbuzi wangu pembe, ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Ukanyamaza."

"Nilisema mara moja, akakasirika. Nikaogopa kusema tena." Akageukia gari. "Nilitaka nyumba itulie."

Bi Mbeleje akanyoosha kidole kwenye matundu, kisha akakigeuza kifuani mwa Mwaja.

"Yeye aliziba huku ili vumbi lisiingie. Wewe uliziba hapa ili ugomvi usitoke. Wote wawili mkawa mnangoja baridi." Akajifunga kanga upya. "Asiyeachia joto njia, mwanangu, asidai baridi."

Baada ya siku tatu alikuja mama mdogo wa mtoto, kutoka Manyoni, mwenye mtoto wake anayenyonya. Akaondoka na watoto wawili. Bi Mbeleje hakumsindikiza hadi njia kuu. Alisema magoti hayana nguvu. Mtoto alipona huko, akakua, akaitwa jina jingine, na bibi yake akafa bila kumwona akitembea. Chiwanga akaondolewa kazini. Mwaja akarudi kwa mama yake na Nyendo, na waliomfahamu wanasema tangu siku hiyo hakuweza kuishika chupa yoyote bila kuipima kwanza kiganjani.

Mzee Ndahani akakoma hapo. Kijana mmoja, mdogo wa wale ndugu wawili wa kikaoni, alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akainuka bila kuaga, akashika njia ya kwa kaka yake.

"Anakwenda kugombana huyo," mwenzake akasema.

"Mwacheni akagombane," mzee akajibu. "Asiyeachia joto njia, asidai baridi."