Kanga Mbele ya Wavikingi

Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia atoke sasa hivi, kwa sababu mwishoni kuna swali na kila mtu atajibu.

Huko Urambo walikuwepo wanawake watatu, wameolewa na ndugu watatu, wanaishi nyumba moja. Mwavita alikuwa na jicho. Akinunua dagaa, humkagua kila mmoja kama anamtafutia mchumba. Wa pili, jina lake Sikujua, alikuwa na ulimi. Alisoma mpaka kidato cha nne, na neno la Kizungu likimwingia sikioni humtoka mdomoni Kiswahili kitupu. Wa tatu, Nyamizi, hakuwa na jicho wala ulimi. Alikuwa na uvumilivu tu, na huo hakuna anayeusifia mpaka siku atakapouhitaji.

Waume zao walichimba dhahabu mbali, wakija Idi kwa Idi. Wake walibaki kumwuguza mama mkwe, Bi Kalunde, aliyepooza kuanzia kiunoni mwaka wa nne sasa. Miguu ilikufa, mdomo ukarithi nguvu zote. Walimgeuza, wakamwogesha, wakamlisha, naye akawatukana mpaka kijiko cha mwisho. Nyamizi alikuwa amekaa na mumewe siku kumi na moja tu tangu harusi. Alikuwa akizihesabu.

Siku moja Bi Kalunde akasikia kwamba nyumba ya jirani yake, wakubwa kwa wadogo, imetazama pamoja filamu ya Wavikingi, wale watu wa kale wa nchi za barafu, wenye ndevu na mashoka, na hakuna aliyeinuka kwa aibu. Wivu ukamkaba. Kwake runinga haimalizi robo saa kabla watu hawajabusiana, na hapo shemeji yake, Mzee Kapaya, ambaye wake wale humwita baba mkwe, hushika fimbo yake akatoka, na wote humfuata wakitazama chini.

Akawaita watatu.

"Idi hii nataka Wavikingi," akasema. "Wanangu, wajukuu, baba mkwe wenu, wote mkekani mpaka mwisho. Akiinuka hata mmoja, mmekosa. Wasipoinuka, mmoja wenu ataondoka na mumewe. Wawili mtabaki nami mpaka nife. Na sina haraka."

Mwavita akaenda kwenye kibanda cha filamu, akakaa siku tatu. Ya kwanza, watu wanapanda kitandani kabla hata hawajasalimiana, akaikataa. Ya pili, vichwa vinakatwa kama vya kuku wa sikukuu, akaikataa. Ya saba ndiyo akaichukua: binti wa chifu anavuka bahari ya barafu kumtafuta baba yake. Siku zote hizo tatu, Bi Kalunde aliamuru mtoto wa Mwavita asipewe chakula cha mchana, eti mama yake yuko starehe. Mwavita aliambiwa. Akaendelea kutazama.

Siku ya Idi, baada ya pilau, wakaketi. Filamu ilikuwa ya Kizungu tupu, Sikujua akaanza kuitafsiri. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alishamkataza kupaza sauti. Sikujua akampa chifu wa Wavikingi sauti ya Bi Kalunde mwenyewe: "Shoka langu liko wapi, mafisi nyie? Na uji huu nani kauunguza?" Watu wakaacha kutafuna. Bi Kalunde akacheka, mara ya kwanza kwa miaka minne, akadai chifu aongee zaidi. Saa mbili nzima Sikujua alisema, mpaka leso yake ikawa na damu.

Kumbe kuna mahali Mwavita alipitiwa na usingizi kule kibandani. Wavikingi arobaini wakashuka mtoni kuoga, wakaanza kuvua nguo. Rimoti ilikuwa imekufa tangu Ramadhani. Mzee Kapaya akashika fimbo.

Nyamizi alikuwa akichemsha kahawa kwenye jiko la mkaa kando ya runinga. Akavua kanga ya mabegani, akapiga magoti mbele ya kioo, akaitandaza juu kwa mikono miwili. Kusimama hakuthubutu, mkwe hasimami mbele ya baba mkwe aliyeketi. Goti likagusa jiko. Akisogea, kanga itashuka. Hakusogea.

"Wanaoga," Sikujua akasema. "Ni watu wasafi."

Watoto wakacheka. Harufu ikaanza kusambaa, wakadhani ni nyama. Mzee Kapaya akalaza fimbo yake chini.

Binti wa chifu akampata baba yake. Hakuna aliyeinuka.

Siku ya safari yalikuwepo mabegi matatu mlangoni. Waume walikagua viatu vyao kama wameviona leo. Bi Kalunde akaulizwa nani aende.

"Mimi sichagui," akasema. "Kila mmoja aniambie nani abaki, na kwa nini."

Mwavita akasema Nyamizi abaki, mguu ule utaoza njiani. Sikujua, kwa kunong'ona maana sauti ilishakwisha, akasema Mwavita abaki, kwani ni usingizi wake uliouchoma mguu huo. Nyamizi akawatazama wenzake, waliomfunga kidonda kwa mikono yao. Akasema Sikujua abaki, kwa kuwa mama hucheka kwa sauti yake tu.

Bi Kalunde alifurahi kuliko alivyoifurahia filamu.

Sasa ninyi. Msiniambie waende wote, nani atamgeuza? Msiniambie wanawe wamwogeshe. Mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake. Bila Mwavita hakuna filamu, bila Sikujua hakuna aliyeielewa, bila Nyamizi Mzee Kapaya angekuwa ameshafika uani. Basi linanguruma, konda ameshika mlango, nafasi ni moja.

Je, wewe ungempandisha nani? Na ukishamtaja, geuka uwaambie wale wawili, ukiwatazama machoni.