Bafu Jeupe la Bi Mwanakombo

Nilikuwepo. Asitokee mtu akaniambia sikuwepo. Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na pale macho yasipofika nilitega sikio, na pale sikio lisipofika nilikuwa nyuma ya pazia. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe ndiyo iliyonichoka, lakini kwa kuona nilihitimu. Basi kaeni vizuri. Anayetaka kwenda uani aende sasa hivi, maana hadithi yenyewe ni ya huko huko uani.

Hapo zamani, si zile zamani za sungura kusema, ni hizi za juzijuzi, marumaru zimekwisha kufika Pangani na kila mwenye nyumba anazililia, palikuwa na fundi akiitwa Mhina. Kuta ungempa fundi mwingine. Paa ungempa mwingine. Bafu, ungemtafuta Mhina. Akitembea mjini amevuta kifua mbele, anasema, "Bafu langu mtu haingii kuoga, anaingia kutembea." Na watu wakicheka, anasema, "Chekeni. Mkiliona mtavua viatu."

Siku moja akaitwa na Kibwana, mfanyabiashara wa nazi.

"Fundi, nataka bafu la mama yangu. Mama kanilea kwa maandazi, kaoga kwenye pango lile uani tangu sijazaliwa. Sasa nataka aoge kama malkia."

Mama yake ni Bi Mwanakombo, mtu mzima sana, magoti yamechoka, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Na kweli, lile bafu lake lilikuwa pango. Sakafu ya saruji inayokwaruza nyayo, kuta zimeota weusi, shimo la kuchuchumaa, na katikati imesimama boriti moja ya mkoko inayoshikilia paa. Lakini bibi alikuwa akiingia na kutoka mwenyewe, na kopo lake la maji mkononi, hamwiti mtu.

Mhina akaleta sampuli, akazitandaza ukumbini juu ya mkeka. Kibwana akakaa huku, mkewe Saumu akakaa kule. Bi Mwanakombo alikuwa chumbani, pazia tu ndilo lililowatenga, anasikia kila neno. Wakachagua bafu lake kama wanavyomchagulia mtu sanda.

Mhina akainua marumaru yenye vinundu. "Hii ya kukwaruza ndiyo ya chini, bwana. Hii ya kung'aa ni ya ukutani."

Kibwana akaigeuza, akaitupa. "Hii ya kukwaruza ni ya bucha. Mama yangu ni bucha? Nataka ya kung'aa chini na juu. Mtu akiinama ayaone meno yake."

Mhina akacheka. Angeweza kubisha, hakubisha, maana ile ya kung'aa ndiyo iliyompa sifa mjini. Kibwana akachagua, akafurahi. Na mwenyewe hakuulizwa.

Ikaja rangi. Mhina akasema, "Tupitishe mkanda wa buluu hapa katikati, upendeze."

Saumu akaruka. "Mkanda wa nini, fundi? Tone la najisi likijificha kwenye buluu, swala ya mama itakuwa swala? Nataka nyeupe. Chini nyeupe, ukuta mweupe, sinki jeupe, ndoo nyeupe. Doa likidondoka, hata kuku alione, nije nilisugue kabla mama hajalikanyaga."

Na Saumu alikuwa akimpenda mkwewe, msije mkasema. Alikuwa akimfulia, akimchujia mabonge ya uji. Saumu akachagua, akafurahi. Na mwenyewe hakuulizwa.

Ikabaki boriti. Mhina akaingia bafuni na msumeno, peke yake, akaishika ile boriti apime pa kukata. Akashtuka. Boriti nzima ilikuwa na magamba ya kuchoma, juu magamba, chini magamba, lakini pahali pamoja, usawa wa mkono wa mtu aliyechuchumaa, palikuwa laini kama mpini wa jembe. Mhina akapapasa pale. Akaondoa mkono, akapapasa tena. Akajua. Mtu hushika hapa kila siku akijiinua.

Akatoka hadi mlangoni kwa bibi, akasimama mbele ya pazia.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Unataka maji ya kunywa?"

Mhina akafungua kinywa. Sasa utamwuliza vipi mama wa mtu, mtu mzima aliyevaa buibui lake la heshima, unashika wapi ukiwa chooni? Akasema, "Ndiyo, mama, maji." Akapewa maji, akanywa, akarudi, akaikata boriti. Paa akalishikilia kwa chuma cha juu kwa juu, na pale iliposimama boriti akaweka choo cha kukaa, cheupe, kinachong'aa kama yai. Akachagua, akafurahi, ila furaha yake ilikuwa na mchanga ndani. Na mwenyewe hakuulizwa.

Siku ya kulifungua, majirani walijaa. Walivua viatu kweli. Bi Mwanakombo akaongozwa mpaka mlangoni.

"Mama, umelionaje?" akauliza Kibwana, na machozi yanamlengalenga.

Bibi akanyoosha mkono mbele, akapapasa hewa, akapapasa tena, kisha akaushusha taratibu. "Pazuri, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakatoroka.

Toka hapo Bi Mwanakombo akaanza kufunga. Kwanza Jumatatu na Alhamisi, sunna. Kisha akasema, "Nadaiwa siku za Ramadhani za ujana wangu." Kisha akafunga siku yoyote. Kaskazi inachoma, jua linapasua midomo, bibi hanywi chai, hanywi uji, hanywi maji. Magharibi akipewa futari anachovya ulimi tu, anasema, "Nimeshiba." Saumu akijisifu kisimani, "Mama mkwe wangu keshakuwa mtu wa akhera." Kibwana akisema, "Toka apate bafu safi, ibada imemkolea."

Na Mhina? Mhina alikuwa akileta wateja walitazame lile bafu. Kila akija anakuta sakafu kavu. Asubuhi kavu, adhuhuri kavu. Anawaambia wateja, "Mnaona? Maji hayatuami kwenye kazi yangu." Usiseme ni mjinga. Kila alipoiona ile sakafu kavu, kiganja chake kilikumbuka ule ulaini wa boriti, naye akakifuta kwenye suruali na kuendelea kujisifu.

Mpaka bibi akaanguka, si bafuni, kitandani pake, wakati anajaribu kuketi. Wakamkimbiza hospitali. Mwili umekauka, figo zimechoka. Muuguzi akamtundikia dripu, na bibi akamshika mkono.

"Usinijaze maji, mwanangu. Nyumbani kwetu sina pa kuyatoa."

Muuguzi akadhani anaweweseka. Kibwana na Saumu, waliosimama hapo, hawakudhani. Bibi akawasikia wanavyopumua, akajua wamesikia, basi akasema yote kwa sauti ya chini.

"Nikiingia mle ni kama nimeingia mawinguni. Sijui sakafu ni ipi, ukuta ni upi, choo kiko wapi. Mguu nikiuweka unakwenda zake. Natafuta boriti yangu, nakamata hewa. Nikaona bora nisinywe."

"Kwa nini hukusema, mama?" Saumu akalia. "Kwa nini?"

"Ningesemaje? Mlifurahi mno."

Hakuuona mwezi ulioandama. Na alipofariki, waoshaji walikataa kumwosha mle bafuni, wakasema sakafu itawaangusha na maiti. Wakamwosha uani, pale kwenye saruji chakavu ya nje ya bafu, ambayo nyayo zake ziliizoea.

Baada ya hitima, akatokea Bi Mishi, mdogo wake marehemu, na nyundo mkononi. Akaiweka kwenye kizingiti cha lile bafu.

"Hili livunjwe leo. Na atakayepiga pigo la kwanza ni yule aliyemwua dada yangu. Haya, nani?"

Kibwana akasema, "Si mimi, mama mdogo. Mimi nilitaka kumkweza. Mtoto atamwuliza vipi mama yake habari za chooni? Fundi ndiye mwenye kazi. Kwa nini hakunikatalia?"

Mhina akasema, "Nilikuonyesha ya kukwaruza, ukaniambia ya bucha. Nikampendekezea mkeo mkanda wa buluu, ule ungemwonyesha bibi ukuta uko wapi, akaukataa. Mimi ni mtu wa kuagizwa." Boriti hakuitaja. Alikificha kiganja nyuma ya mgongo.

Saumu akasema, "Nyeupe peke yake haiangushi mtu. Ule ulikuwa usafi. Na mimi mkwe, angeniambia nani? Ningeingia naye bafuni angeona namdhalilisha. Kama ni kosa, basi ni lake mwenyewe, alitudanganya kwa funga."

"Koma!" Bi Mishi akafoka. "Marehemu unamtupia kosa?"

Saumu akafuta uso kwa upande wa kanga, akamkazia macho. "Na wewe, mama mdogo? Ulilala naye chumba kimoja wiki ya Maulidi. Usiku ukimpeleka wapi?"

Bi Mishi akakaa chini. "Aliniambia. Nilikuwa namtolea kopo la haja ndogo alilolificha uchagoni mwa kitanda, nalimwaga kabla hamjaamka. Nikamwambia, dada, usiwavunje moyo watoto, utazoea tu."

Mhina akatazama nyundo. Akatazama pale choo cheupe kilipokaa, pahali pa boriti. Akapiga hatua moja mbele, mkono ukanyooka, vidole vikakaribia mpini. Halafu akafikiria mjini, na wateja, na jina lake. Mkono ukarudi. Kibwana hakusogea. Saumu hakusogea. Bi Mishi alikuwa analia kwa sauti ndogo kama paka. Nyundo ikabaki kizingitini.

Basi, ninyi mnanijua, mimi siongopi. Nilikuwepo na maneno yote yalisemwa kama nilivyoyasema. Ila nikubali jambo moja nimelitia mwenyewe: nyundo. Nyundo haikuwepo. Bi Mishi alikuja mikono mitupu, akauliza swali lake, na walipokwisha kutupiana maneno kila mtu akaenda zake. Bafu liko vilevile mpaka leo, jeupe, kavu, linang'aa, na hakuna anayeingia.

Nyundo nimewaletea ninyi. Hiyo hapo, katikati yetu. Kibwana aliyemkweza, Saumu aliyemtakasa, Mhina aliyejua akanywa maji, Bi Mishi aliyeambiwa akatunza siri, au Bi Mwanakombo mwenyewe aliyewaonea huruma hadi kufa: je, nani alistahili kuishika?