Waya wa Siku Moja

Kaeni, kaeni. Leo sisomi popote, leo nahubiri kwa macho. Hili ninalowaambia sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo! Nililiona kwa macho yangu haya mawili, na Mungu angenipa la tatu ningeliona mara tatu. Aliyekuwa karibu nalo kuliko mimi ni nzi tu. Shule niliishia la sita, mwalimu alichoka mapema, lakini somo la kuona nilifaulu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mpangaji. Mtaa siutaji. Nyumba ya vyumba sita, familia sita, choo kimoja, luku moja. Mnaijua ile luku ya kuchangia? Kila chumba kinatoa chake, msimamizi ananunua umeme anaingiza namba, halafu kila mtu anachungulia dirisha la mwenzake aone kawasha nini. Ile siyo mita jamani, ile ni vita yenye taa nyekundu.

Mama huyu anauza barafu za ubuyu na ukwaju, kwa hiyo tumwite Mama Barafu. Ana friji moja ya mtumba, ndogo, ukitaka kuingiza tikiti inabidi kwanza uombe ruhusa. Friji hiyo ndiyo baba wa nyumba ile. Inalisha watoto watatu, inawanunulia madaftari, inawavalisha viatu.

Basi umeme ukaanza kuisha. Ukiingizwa leo asubuhi, kesho kutwa giza. Ulikuwa unakimbia mpaka mita inatoka jasho, ukiweka sikio unaisikia inahema! Nani alaumiwe? Mwenye friji, nani mwingine? Msimamizi wa luku akaitisha kikao uani. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, anavaa suti hata akienda kununua dagaa.

"Mama Barafu, wewe unatunyonya."

"Baba, friji nazima masaa manne kila siku. Na mchango natoa wa vyumba viwili, kwa ajili ya friji hiyo hiyo."

"Basi toa wa vyumba vitatu."

"Nikitoa wa vitatu, barafu nitauza za nini? Si nitakuwa nawafanyia nyinyi kazi?"

"Basi hama. Jumatatu tusiione friji hapa, na wewe tusikuone."

Watu wakapiga makofi. Makofi! Majirani waliokunywa barafu zake kwa mkopo mpaka midomo ikawa myekundu kama ubuyu wenyewe.

Mama Barafu hakulia. Alisema neno moja tu: nyumba ikaguliwe. Apite fundi chumba kwa chumba, aseme nini kinakula nini. Ikionekana ni friji, atahama mwenyewe, hata kusukumwa hataki.

Mzee akacheka. "Ukaguzi? Huo wa matajiri, mama. Kuna bwana mmoja wa tai, ana kamera inayoona joto ukutani. Laki tatu na nusu!" Laki tatu na nusu! Kwa bei hiyo si akukague mpaka figo? Lakini mama akazunguka mjini na kandambili zake, akampata dada mmoja fundi umeme, mtu wa koleo ndani ya pochi, limelala pamoja na mafuta ya kujipaka. Dada akamwambia, "Nyumba nzima elfu sita. Na barafu moja ya ukwaju."

Elfu sita! Vyumba sita! Mimi hesabu ilinishinda lakini hiyo naijua: elfu moja kila mlango. Walitoa? Nawauliza nyinyi, walitoa? Hakuna! Na wiki ile ile walishachanga elfu mbili mbili za kukodi kirikuu cha kumhamishia vyombo! Mnanisikia? Hela ya kumfukuza mtu ipo. Hela ya kujua ukweli haipo! Mama akalipa zote sita peke yake, akabaki na nauli ya kwenda na siyo ya kurudi.

Jumatano alasiri, dada akaja.

"Shikamoo mzee. Naomba milango yote ifunguliwe."

"Marahaba. Anza na huyo mwenye friji."

"Nikifunguliwa mlango mmoja, nitamkuta mkosaji mmoja, mzee wangu. Na mimi nimelipwa kwa sita."

Ikafunguliwa, kwa kununa. Akaanza kwa Mama Barafu. Akabana karatasi kwenye mlango wa friji, akavuta. Karatasi ikagoma kutoka. Akabana juu, akabana chini, ikagoma. "Mpira mzima huu. Baridi haivuji. Friji yako haina kosa, mama."

Akaenda vyumba vingine. Kimoja akakuta jiko la wali la umeme limewashwa toka asubuhi, linapasha moto sufuria tupu! Kingine pasi imechomekwa, inamsubiri bwana aliyesafiri. Chini ya kitanda cha mzee akavuta hita ya kuchemshia maji ya ndoo, kubwa kama mguu wa ng'ombe.

"Hiyo ni ya mgongo," mzee akasema haraka. "Daktari ndiye alisema."

"Mgongo wako una yuniti nyingi, mzee."

Halafu dada akatoa amri. Zimeni kila kitu. Taa, redio, friji, na chaji ya simu iliyofichwa nyuma ya kabati, ndiyo, na hiyo. Wote sita wakazima, wakaenda kuisimamia mita. Mama Barafu moyo unampiga mpaka kanga inacheza. Maana mita ikitulia, basi ulaji uko ndani ya vyumba, na friji itarudi kubebeshwa lawama, na Jumatatu ni ile ile.

Mita haikutulia. Kale kataa kekundu kanakonyeza tu, kanakonyeza, utadhani kameona mchumba.

Sasa jirani na nyumba ile, ukuta kwa ukuta, kuna nyumba ya ibada. Jumatano ni siku ya mazoezi ya kwaya. Dada akatega sikio. Kwaya ikipandisha, kataa kanakimbia. Kwaya ikishusha, kanatembea. Wakinyamaza wanywe maji, nako kanapumua. Dada akamgeukia mama, akasema, "Mama, hii mita yenu ni sauti ya ngapi? Maana inaimba."

Akaufuata waya. Nyuma ya choo, juu ya ukuta, ndani ya michongoma, moja kwa moja mpaka kwenye bati la nyumba ya ibada. Spika nane, zikipigwa kuku wa mtaa mzima wanataga bila kukusudia! Feni sita. Kinanda. Na taa za nje zinazowaka mchana, sijui zinalimulika jua lisipotee.

"Mzee, huu waya nani kauvuta?"

Mzee akalegeza tai. "Mimi. Lakini ulikuwa wa siku moja tu. Siku ya uzinduzi."

"Uzinduzi ulikuwa lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Zilizoongezwa juzi ni spika tu."

"Na hukuutoa?"

"Binti, ule ni umeme wa Mungu."

Mama Barafu akauliza taratibu, "Kwani baba, Mungu hana luku yake?"

Halafu akakumbuka. Akakaa chini pale pale, kwenye tope. Kila Jumapili mama huyu alikuwa anasimama mbele, ndani ya nyumba ile ile ya ibada, anashika maiki, anaomba huku analia: "Bwana, nionyeshe nani anakula umeme wetu!" Na maiki ilikuwa inaunguruma kwa umeme huo huo! Na mchungaji alikuwa anaitikia, amina!

Dada hakungoja. Akazima swichi kubwa, akatoa koleo kwenye pochi, kwacha! Kwaya ilikuwa katikati ya haleluya. Wakabaki na "hale" mdomoni. Majirani wakamwangukia mama miguuni, na kirikuu kikarudishwa kwao kitupu.

Sasa sisi. Sisi, ndugu zangu, ni hodari wa kukagua. Tunakagua urefu wa sketi. Tunakagua nani katoa sadaka ya sarafu. Friji ya mjane tunaikagua mpaka mpira wa mlango! Waya wetu je? Nani kapanda juu ya bati letu? Tunamwombea mtu apate riziki huku tumechomeka kwenye riziki yake, halafu tunasema sauti haijatosha, ongeza spika! Mnacheka? Chekeni, lakini chekeni polepole.

Msifunge mabegi, sijamaliza. Nimewaambia nilikuwepo, na hamkuniuliza nilisimama upande gani wa ukuta. Nilikuwa hapo dirishani, nimeshika maiki hii hii. Yule mchungaji wa amina ni mimi.

Na kuna kitu kimoja nimekitunga. Kuku nimewaongezea kidogo, hao hawahesabiwi. Nilichotunga ni ile kwacha. Waya haukukatwa. Dada alipotoa koleo, mzee alikuja mbio kwangu, na mimi, kwa mdomo huu unaowahubiria, nikasema uachwe kwanza mpaka Pasaka ipite. Hakuna aliyemwangukia mama miguuni; umeme bado unaisha, na amri ya kuhama haikufutwa. Kirikuu kimelipiwa. Mama Barafu amefunga vyombo vyake, na kesho ni Jumatatu.

Waya uko pale juu ya feni ya pili, msijifanye mnatazama buibui. Dada yuko mlangoni na koleo lake, nimemwita mimi, na elfu sita ya mama ninayo mfukoni hapa namrudishia.

Mzee, zima spika. Kuanzia sasa mtanisikia kwa koo langu.