Kijivu Aende na Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo lililonishinda kuamua, nami sitaki linishinde peke yangu.

Upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, kwenye nyanda za baridi zinazolimwa ngano, waliishi watu watatu wasiojuana. Bibi Ndeshukurwa alijaliwa moyo wa kutoachilia, alichokishika hakikumtoka. Mzee Sangito alijaliwa mikono ambayo mnyama haiogopi. Na Nakundwa, mtoto wa darasa la tatu, alijaliwa kukaa na kiumbe yeyote kimya kimya, bila kumtaka chochote, mpaka kiumbe huyo atulie.

Kila mmoja wao alikula chakula chake peke yake. Bibi alikuwa mjane, na Aminiel, mwanawe wa pekee, alikwenda kusini kuchimba vito na hakuleta habari tena. Mzee Sangito alitunza farasi wa shamba moja kubwa mpaka walipouzwa wote, na mabanda yao yakawa stoo ya mbolea. Nakundwa alifiwa na mama. Baba yake, Eliamani, aliendesha mashine ya kuvunia ngano tangu alfajiri, na nyumba yao ilikuwa mbali na nyumba nyingine yoyote.

Siku moja Eliamani alimuuliza binti yake anataka zawadi gani.

"Farasi," akasema.

"Farasi wa nini, mama?"

"Niwe na wa kurudi naye kutoka shule."

Eliamani akakubali. Akaanza kuulizia, akaambiwa Bibi Ndeshukurwa anauza farasi wa kimo kifupi, anayemfaa mtoto. Jumamosi wakaenda kumtazama.

"Shikamoo, Bibi," Nakundwa akasalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Yuko huko nyuma." Yeye mwenyewe hakutangulia. Alibaki ameshika mlango, kama mtu anayeona haya.

Bandani walimkuta farasi wa kijivu amesimama kwenye samadi iliyofika juu ya kwato. Mbavu zilihesabika. Singa zake za shingoni zilikuwa zimesokotana na mbegu za vishona nguo, na kwato zimerefuka hadi zikapinda juu, kiasi kwamba kila alipohama mguu aliyumba. Hakugeuka kuwatazama.

"Mama," Eliamani akamwambia Bibi, "mimi nimekuja kununua farasi. Huyu ni wa kuzikwa."

"Alikuwa wa Aminiel," Bibi akajibu. "Magoti yangu yameisha, baba. Banda siwezi tena kulifagia."

"Pole, mama. Nakundwa, twende."

Nakundwa alikuwa ameshaketi kwenye ukingo wa hori. "Baba, tukiondoka atajua."

"Atajua nini?"

"Kwamba tulikuja tukamtazama, kisha tukamwacha."

Eliamani akaziangalia tena kwato zile zilizopinda. Kisha akasema, "Basi nisubiri hapa," akapatana bei na Bibi, akaondoka kumtafuta mtu aliyewahi kusikia habari zake kazini, mzee wa farasi.

Mzee Sangito alikuja na kisu cha kwato na tupa ambavyo havikuwa vimetumika kwa miaka. Akauinua mguu wa mbele, na farasi yule, ambaye Bibi alisema humrushia teke kila anayemgusa miguu, akamwachia. "Miguu hii haina ugonjwa," mzee akasema. "Imesahauliwa tu. Lakini nikiikata yote leo nitamlemaza. Itabidi nirudi, na nirudi tena." Na kweli alirudi, wiki baada ya wiki, kwa miguu, akikatiza mashamba ya ngano kwenye upepo. Kila mara alipunguza kidogo na kupiga tupa, mpaka farasi akakanyaga chini sawasawa.

Lakini kabla ya hapo Kijivu, kama walivyomwita, alianguka. Baada ya mara ya pili ya kukatwa kwato, Kijivu alilala chini akakataa kula. Mzee alimsukuma, Bibi akamletea uji, wapi. "Farasi akilala hivi hainuki," mzee akasema, akatoka nje ili asimwone. Nakundwa akaketi kando ya kichwa cha farasi. Alikaa hapo tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kupoa, akimsimulia habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akifunga kitambaa, alivyocheka, kitanda cha hospitali. Hakuwa amemsimulia mtu mwingine yeyote. Farasi akasogeza pua, akala majani mkononi mwake. Kisha akakunja miguu ya mbele, akatikisika mwili mzima, akainuka.

Siku hiyo Eliamani alimuuliza Bibi farasi huyo aliishije mpaka wakamkuta hai. Bibi akamwambia. Wakati wa ukame alichota maji bombani kila siku, akiisukuma ndoo kwa fimbo, hatua kwa hatua, kwa kuwa hakuweza kuibeba. Pumba za kuku wake alimpa farasi, kuku wakafa. Walipokuja wanunuzi wa ngozi kumtaka, aliwafungia mlango. "Nilijua ananuka, nilijua anaumia," akasema. "Lakini nilipomsikia anapumua huko nyuma, nilijua nyumba bado ina mtu."

Kijivu akanenepa, akang'aa. Jioni watu hao watatu wakawa wanakula sahani moja uani kwa Bibi, na Eliamani akitoka kazini aliwakuta wakicheka.

Kisha mashine za kuvunia zikahamishiwa Hanang, na Eliamani akatakiwa kuzifuata. Alikuja na lori; farasi ni mmoja, na wanaomtaka ni watatu. Kumgawa haiwezekani, na Hanang ni mbali, si mahali pa kwenda na kurudi.

Bibi akasema, "Nilikubali kumuuza alipokuwa anakufa, ili asifie mikononi mwangu. Sasa ni mzima. Mkimchukua, mimi nitasikiliza nini usiku kucha?"

Mzee Sangito, ambaye hakuwahi kudai hata shukrani, akasema, "Bibi hawezi kusafisha banda, na mimi nazeeka, sitaweza kuja huku kila siku. Huko Hanang hakuna wa kumkata kwato. Kwangu kuna nyasi na nafasi. Miguu hii niliirudisha mimi, na mikono hii haina kazi nyingine duniani."

Nakundwa akashika singa za farasi. "Yeye ndiye anayejua habari za mama," akasema. "Huko tuendako hakuna anayejua."

Bila subira na ndoo ya Bibi, wangekuta mifupa. Bila mikono ya mzee, farasi asingetembea. Na bila mtoto, Eliamani angeondoka siku ile ile, na Kijivu asingeinuka.

Dereva wa lori alikuwa ameshawasha injini. Eliamani alisimama katikati ya ua ameshika kamba, wale watatu wakimtazama, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Farasi alikuwa akila majani.

Mimi nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila nikimpa mmoja nawaona wawili wakirudi nyumbani peke yao. Haya, ninyi mliosikia: kamba ile ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?