Lend na Borrow za Bwana Mhando

Mwalimu Shebughe, ambaye uhamisho ulimzungusha mikoa saba na Kiingereza chake kikazidi kuchakaa kila kituo, aliandika ubaoni mbele ya wazazi: "Borrow me your pen." Mwenyekiti wa shule, Bwana Mhando, tajiri wa mashine za kusaga, akaangua kicheko.

"Ni lend, si borrow! Usiponielewesha tofauti yake hapa hapa, kesho uhame nyumba ya shule, wewe na wanao."

"Nitakuelewesha, Mheshimiwa. Ila neno bila mfano halikai kichwani. Naomba nitumie kitu kilichoko kwako."

"Tumia chochote! Kwangu kumejaa."

"Ahsante. Pale uani kwako kuna tangi la maji la shule. Shule ilikupa kwa muda, hiyo ndiyo lend. Wewe ulichukua ili urudishe, hiyo ndiyo borrow. Umeelewa, Mheshimiwa?"

Kwa Mhando, kukubali kwamba ameelewa kulimaanisha mwalimu abaki na tangi lirudi.

"Sijaelewa hata kidogo!" akafoka Mhando.

Mama Mwantumu, ambaye mjukuu wake huenda shule na dumu la maji kichwani kila asubuhi, akasimama.

"Mhando, kama hukuazima, basi uliiba. Mwalimu habanduki, na tangi tunalifuata sasa hivi."